Puliza, Kisha Unyamaze

Kuna vidio yangu moja niliifuta, na bado kila wiki kuna mtu ananitagi nayo. Mnaijua. Niko nje ya keja Makongeni, nimevaa hudi nyekundu, nimeshika chupa tupu ya maji kama vile ni Alcoblow, nasema: "Wasee, karao akikuletea hii kitu mdomoni, usipulize. Mwambie ni haki yako. Katiba, kifungu cha 50." Halafu natupa chupa nyuma yangu, ngoma inaingia. Ilitazamwa mara laki nne na kitu. Hakuna kingine nimewahi kuposti kikakaribia hapo, hata siku niliyotangaza nimeacha chuo mwaka wa pili na mama akaiona kwa simu ya jirani.

Leo naandika badala ya kurekodi kwa sababu hii maneno haitaki ngoma. Nilikosea. Ukisimamishwa Thika Road usiku na uambiwe upulize, puliza. Kama hujakunywa, puliza. Kama umekunywa, puliza pia.

Najua komenti zitakuja vipi. "Umeuzwa." "Serikali imekutumia ngapi?" Manze, kama serikali ingekuwa imenitumia kitu ningekuwa nimelipa karo, si kuandika hapa na bando ya ishirini bob. Someni mpaka mwisho kisha mnitukane.

Kwanza niwaambie nilitoa wapi ule ushauri. Nilitoa kwa mawakili wa Marekani, wale wa TikTok, wamekaa kwa gari wamevaa suti, wanakuambia kamwe usipulize. Nilitafsiri tu na kuongeza chupa ya maji. Sikusoma chochote zaidi. Ningesoma ningejua kwamba huko kwao ukichukua leseni unahesabiwa tayari umekubali kupimwa, na ukikataa, katika majimbo mengi leseni inasimamishwa hata kama kesi ya ulevi yenyewe itaanguka. Mwaka 2016 Mahakama yao ya Juu iliamua, katika kesi ya Birchfield na jimbo la North Dakota, kwamba polisi akishakukamata kihalali kwa kuendesha umelewa, hahitaji kibali cha korti kupima pumzi yako. Damu ndiyo inataka kibali. Uingereza nako, ambako namba zetu za ulevi zinafanana na zao moja kwa moja, kukataa bila sababu ya maana ni kosa, na leseni inaenda si chini ya mwaka. Kwa hivyo ile haki niliyowauzia, hata kwa wenyewe haiko vile niliiuza.

Haya, turudi kwetu.

Sisi tuna sheria ndogo za kupima pumzi za mwaka 2011. Zinasema mwisho ni mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi, ama miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Kidude chenyewe tulianza kukiona barabarani mwisho wa 2013, na watu wa Nairobi wakajifunza kulala kwa baa mpaka asubuhi. Lakini adhabu kubwa haiko kwa hizo sheria ndogo. Iko kwa Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44: faini isiyozidi shilingi 100,000, ama jela isiyozidi miaka 2, ama zote mbili. Na hicho kifungu hakina namba ya pumzi. Kinaongea juu ya mtu aliyekunywa mpaka hawezi kulimudu gari.

Hapo ndipo 2017 Mahakama ya Rufaa iliingia. Ikasema vitu hivi viwili haviendi pamoja: huwezi kumshika mtu kwa namba ya Alcoblow pekee halafu umhukumu kwa kifungu kinachotaka uthibitishe kwamba alishindwa kulimudu gari. Nilikuwa form two. Nakumbuka mjomba wangu wa Kiganjo akinunulia watu raundi, ati Wakenya tumeshinda.

Sasa fikiria tulishinda nini. Kama namba peke yake haitoshi, ni nini kinatosha? Inabaki askari kusimama mbele ya hakimu na kusema: alinuka pombe, macho yalikuwa mekundu, alikuwa anayumba, maneno yalikuwa yanateleza. Yaani pua ya afande na macho ya afande. Tulishangilia kwa sababu mashine imepigwa breki, na hakuna aliyeuliza ni nani anakalia kile kiti. Mimi nimezaliwa hapa. Najua pua ya afande inaweza kunusa pombe kwa mtu aliyetoka kesha la kanisa, na inaweza kuziba kabisa mbele ya mtu aliyebebwa na baunsa mpaka kwa usukani. Inategemea umeshika nini mkononi.

Kidude kilirudi barabarani, mnakiona. Na vidio yangu ikarudi nacho.

Sasa niwaambie ile usiku. Sijaiandika mahali popote.

Ilikuwa Jumamosi ya Disemba. Tulikuwa wanne, tumetoka Kamakis kula nyama, na kama mnajua Kamakis mnajua hiyo "kula nyama" ni jina tu. Beshte yangu ndiye alikuwa dereva, na Demio ya mamake. Tumetoka naye mbali, tangu nursery. Alikuwa amekunywa ngapi? Mimi nasema tano, yeye anasema tatu, yule wa nyuma anasema tuliacha kuhesabu meza ilipoletewa ile ya pili ya bure. Hebu tufanye hesabu ambayo hatukufanya siku hiyo. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4.2 ina karibu gramu 16 za pombe yenyewe. Mwili wa mtu wa kawaida unachoma kama gramu 7 ama 8 kwa saa. Kwa hivyo chupa moja inataka kama saa mbili kutoka. Hiyo ni ini linafanya kazi yake na halina haraka. Kahawa hailiharakishi. PK hailiharakishi. Maji baridi kwa uso yanakufanya mlevi mwenye uso umelowa. Na wale mnaojisifu kwamba mnalala kidogo halafu mnaendesha asubuhi: mtu wa kilo 70 akipiga chupa nane kutoka saa mbili usiku mpaka saa nane, saa moja asubuhi bado anaweza kuwa juu ya 80. Amevaa shati safi, anapeleka watoto shule, na amelewa.

Basi. Tulikuwa tumepita Ruiru, hatujafika Toll. Misumari barabarani, tochi, laini ya magari. Afande akainama kwa dirisha.

"Habari ya usiku. Leseni."

Beshte akampatia.

"Mnatoka wapi?"

"Tulienda kuona shosho, afande."

"Na shosho anauza Tusker?"

Tukacheka wote, hata yeye. Alikuwa mtu wa kawaida tu, sweta ya bluu, amechoka. Akatoa kidude. "Puliza hapa."

Beshte akanigeukia, akanikonyezea jicho, kisha akasema kwa sauti yangu, na simaanishi maneno yangu tu, ile sauti yenyewe, na mkono umeinuliwa vile mimi huinua: "Afande, sipulizi. Ni haki yangu. Katiba, kifungu cha 50."

Nyuma walipasuka kicheko. Mimi nilitoa simu nirekodi. Nilikuwa najiona nimefika.

Afande hakukasirika. Hapo ndipo ningejua kuna kitu. Mtu akinyimwa kitu anachotaka hukasirika. Huyu alikunja kidude, akakiweka mfukoni mwa koti, akafunga zipu. "Madam, weka hiyo simu chini," akaniambia kwa upole. "Na wewe dereva, toa gari kando. Tutaongea."

Ile zipu mimi bado naisikia. Dakika ile kidude kiliingia mfukoni, hatukuwa tena kwa sheria. Tulikuwa sokoni. Hakukuwa na namba ya kuandikwa mahali, hakukuwa na kitu cha kuonyesha mkubwa wake kesho, kulikuwa na vijana wanne wanaonuka na mtu mmoja mwenye funguo za gari. Alianza na elfu kumi. Sisi tukasema mbili. Akatuambia kuhusu seli, akatuambia ni Jumamosi na korti ni Jumatatu, akamuuliza beshte kama mamake anajua gari iko wapi. Alikuwa anaijua kazi yake. Tulifika elfu tano na mia tano. Moja na mia tano ilikuwa yangu, pesa nilikuwa nimelipwa na duka la viatu Thika kuwatangazia raba. Mmoja wetu alitembea mpaka petroli stesheni kutoa M-Pesa, kwa sababu afande hakutaka kutumiwa kwa simu. Dakika arobaini hivi, tukiwa tumesimama kando ya barabara, malori yanapita yakitupulizia vumbi.

Halafu akamrudishia funguo.

Nataka mkae hapo kidogo. Huyu mtu alikuwa ameamua kwamba dereva amelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kudai pesa. Na alipolipwa, akamrudishia dereva huyo huyo funguo za gari hilo hilo, akagonga paa mara mbili, akasema, "Endesheni pole pole, vijana." Na sisi tukaingia ndani tukishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tuache gari hapo tuite teksi. Tungeachaje? Si tulikuwa tumelipia njia?

Tulipita Juja. Witeithie kulikuwa na mzee anasukuma kigari chake cha smokie kuelekea nyumbani, kando kabisa, na taa yake ndogo ya betri inawaka. Mimi niliiona hiyo taa. Sijui kwa nini beshte hakuiona. Kilikuja kishindo, kisha kioo cha mbele kikajaa mayai.

Sitaandika yote. Watu wa nduthi walifika kabla sisi hatujatoka kwa gari, na tulipata bahati kwamba kati yao kulikuwa na mmoja mwenye akili aliyesema mzee kwanza, hawa baadaye. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alipelekwa Thika Level 5, akalazwa.

Nilienda kumuona Jumanne. Nilienda peke yangu, na maziwa na mkate, sijui mtu hubeba nini. Mke wake alikuwa amekaa kando. Nilijitambulisha, nikasema mimi nilikuwa kwa ile gari. Mzee aliniangalia kwa muda.

"Mlikuwa mnatoka upande gani, msichana wangu?"

"Ruiru, mzee."

"Kwani hapo karibu na Toll hamkusimamishwa? Hao huwa hapo kila Jumamosi."

"Tulisimamishwa."

"Na mkapita?"

"Tukapita."

Akageukia ukuta. Mke wake ndiye alinisindikiza mpaka kwa ngazi, akaniambia asante kwa maziwa.

Sasa turudi kwa ubishi wetu, kwa sababu najua kuna mtu anasema hiyo ni huruma tu, si hoja.

Hoja ni hii. Ule ushauri wa usipulize unamsaidia nani? Mtu ambaye hajakunywa haumsaidii kitu. Yeye namba yake ni sifuri, na sifuri ndiyo ngao pekee aliyonayo dhidi ya pua ya afande. Akikataa kupuliza ameitupa. Mtu aliyekunywa moja na yuko chini ya 35, vilevile, namba ingemwachilia. Anayesaidika ni yule aliye juu. Na sitawadanganya kwa hili: kwa huyo, ule ushauri unaweza kufanya kazi. Baada ya uamuzi wa 2017, mtu mwenye wakili mzuri na pesa za dhamana, akakataa kupuliza, akanyamaza, akakubali kulala seli wikendi nzima, anaweza kwenda kortini akauliza: ushahidi uko wapi kwamba sikulimudu gari? Na anaweza kushinda. Kwa hivyo vidio yangu iliyotazamwa mara laki nne ilikuwa na ushauri mzuri kwa mlevi mwenye wakili. Ni wangapi kati yenu mna wakili? Mimi nina namba ya mtu aliyesoma sheria nusu kama mimi nilivyosoma biashara nusu.

Sisi wengine tukikataa hatuendi kortini. Tunaenda kando ya barabara, kwa zipu. Na hapo kuna kitu cha kuchekesha, kama una roho ya kucheka. Kuendesha umelewa, juu kabisa, ni laki moja ama miaka miwili. Kutoa hongo, kwa Sheria ya Hongo ya 2016, inaweza kufika faini ya milioni 5 ama miaka 10 ndani, na anayetoa na anayepokea wako pamoja. Sisi wanne tulikimbia kosa la laki moja tukaingia kwa kosa la milioni tano, tukacheka njia yote mpaka Juja. Kwa mitandao tunaita hiyo kuwa mjanja.

Na mzee je? Polisi walipokuja asubuhi kuandika ajali, hakukuwa na namba mahali popote. Hakuna karatasi inayosema saa saba usiku dereva wa hii gari alikuwa na kiasi gani kwa pumzi yake. Kulikuwa na ajali, giza, na kigari bila taa ya kutosha, hivyo ndivyo ilisemekana, taa ya kutosha. Familia zikakaa chini. Mama wa beshte aliuza Demio, akalipa hospitali na kiasi juu yake. Lakini kama mzee angetaka kudai zaidi, angeenda na nini? Ushahidi wake ulikuwa umefungiwa kwa mfuko wa koti, na mimi ndiye nilifundisha watu kuufungia hapo.

Niwape upande mwingine pia, msidhani nimekuwa rafiki wa polisi.

Binamu yangu anaendesha Bolt. Analala saa nne kwa siku, macho yake ni mekundu kutoka Januari mpaka Disemba, na hajawahi kuonja pombe, ni mtu wa kanisa kabisa. Mwezi jana alisimamishwa Ruiru saa tano usiku. Afande akamwangalia. "Wewe umekunywa."

"Sijakunywa, mkubwa. Leta nipulize."

"Macho yako yanasema umekunywa."

"Macho ni usingizi. Leta kidude, mkubwa."

Mnajua aliambiwa nini? Mirija imeisha. Ile mirija ya kupulizia. Kidude kiko, mrija hakuna, lakini wanaweza kuelewana tu. Binamu yangu ni mpole lakini ni mbishi wa dini, wale wabaya zaidi. Akasema basi twende stesheni, mrija utapatikana huko, na mteja wangu kwa kiti cha nyuma atakuja kama shahidi. Mteja naye akasema niko tayari, hata mimi niko na swali. Mrija ukapatikana dakika hiyo hiyo, kwa mfuko wa afande. Akapuliza. Sifuri. Afande akaisoma, akaitikisa, akaisoma tena, akamrudishia leseni bila kusema kitu.

Ndio maana nasema puliza. Simaanishi tuiamini serikali. Tuiamini kidogo iwezekanavyo! Askari mwenye tamaa hataki namba. Namba ikishatokea kwa kioo amepoteza bidhaa yake, kwa sababu ikiwa chini hana kitu cha kuuza, na ikiwa juu kuna mtu mwingine anaweza kuiona. Yule anayekuambia usipulize anamfanyia afande kazi bila mshahara.

Kuna wale watasema mashine inaweza kukosea. Ndio, inaweza. Ukipuliza dakika mbili baada ya kumeza, pombe iliyobaki mdomoni inapandisha namba, kwa hivyo kama umetoka kunywa sasa hivi, sema hivyo na uombe mngoje dakika kumi na tano. Omba mrija mpya, uufunguliwe mbele yako, hiyo pia ni afya yako. Hakikisha kabla hujapuliza kidude kinaonyesha sifuri. Iangalie namba wewe mwenyewe, kwa macho yako, na umwambie aliye kando yako aiangalie. Hakuna jambo kwa hayo linalohitaji kuinua sauti. Mwite mkubwa, mwite afande, mwite vile anataka kuitwa.

Na ikitokea juu ya 35? Hapo ndipo unanyamaza. Katiba niliyokuwa napigia kelele iko hapa, si pale nilipoiweka. Kifungu cha 49: ukishakamatwa una haki ya kukaa kimya, ya kutolazimishwa kukiri, ya kuongea na wakili, na ya kupelekwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya kwanza ya korti kama ni wikendi. Kifungu cha 50 kinamlinda mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Mawakili wataendelea kubishana kama pumzi ni ushahidi wa aina hiyo. Waache wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi naona pumzi si neno. Maneno ndiyo hutuponza: "nilikunywa mbili tu mkubwa", "ni birthday ya beshte", "hatuwezi kuelewana?" Hilo la mwisho ndilo linafungua duka. Usiliseme. Lala seli. Ni baridi, kuna kunguni, na asubuhi utakuwa na aibu. Utakuwa pia hujagonga mtu.

Sasa wale wa magrupu ya WhatsApp, nimewaacha mwisho kwa sababu nawajua kwa majina. "Leo wako Kihunguro, pita ndani." "Toll iko moto, tumieni Kimbo ya ndani." Mnatuma na emoji ya kucheka, mnajiita jamii. Ndani ni wapi? Ndani ni pale watu wanaishi. Ni mahali hakuna taa, na watoto wanatumwa dukani saa tatu usiku kununua mkate wa kesho, na mama anatoka shifti ya fakitri anatembea katikati ya barabara kwa sababu kando kuna mtaro. Mnachukua walevi kutoka barabara kubwa na kuwapeleka kwa mlango wa nyumba zenu wenyewe. Nchi hii inazika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Si madereva. Si sisi tuliokuwa ndani ya Demio. Mimi nilitoka na mchubuko kwa kiwiko.

Nimekuwa kwa hayo magrupu. Nilitoka Januari, na kwa moja waliweka stika ya mtawa.

Kama unakunywa Kamakis na umekuja na gari, mimi siwezi kukuzuia, wewe ni mtu mzima. Lakini kabla chupa ya kwanza ifunguliwe, mpatie funguo mtu ambaye hatakunywa, ama umlipe mlinzi gari ilale. Ile elfu moja na mia tano yangu peke yake ingetosha teksi ya kutufikisha wote wanne Thika, na nafikiri ingebaki ya smokie.

Kwa wale bado mna ile vidio: kuna akaunti mbili zimeiposti upya na nimewaandikia, wamenibloki. Mkiiona, iripotini. Msinitetee kwa komenti, iripotini tu. Mkiulizwa kama nilisema yale maneno, semeni ndio, alisema.

Mzee amerudi kazini. Hasukumi tena, kijana wake ndiye anasukuma, yeye anakaa kwa kreti ya soda pale steji ameinyoosha ile mguu mbele na anakata kachumbari. Mimi hupita hapo Ijumaa nikitoka Juja. Mara ya kwanza nilijificha kwa laini. Siku hizi ananijua. Wiki iliyopita aliniangalia, akapangusa kisu, akasema, "Kijana wangu alinionyesha vidio fulani. Ile ya chupa. Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuwa umechangamka sana."

Akapasua smokie mbili, akajaza kachumbari, akaniuliza kama nataka pilipili.